Profoma Mbili Mezani, Bajeti ya Moja

"Mimi ndiye mtu wa IT, peke yangu, kwenye SACCOS moja hapa Morogoro. Meneja ameniletea profoma mbili. Moja ni ya programu ya kuratibu kazi za mfumo, nyingine ni ya jukwaa la kusimamia vifaa vya TEHAMA. Fedha zinatosha moja tu. Anataka nizilinganishe, na Ijumaa nimwambie ipi bora. Nimesoma vipeperushi vyote viwili na kwa kweli naona vinasema kitu kilekile. Nisaidie dada yangu, nisije nikaaibika."

Pole, mdogo wangu, kwa kuwa idara nzima ni wewe. Najua siku ukiugua malaria hata printa nayo inaugua.

Vinasema kitu kilekile kwa sababu vimeandikwa kwa maneno yaleyale. Kila kitu kinajiendesha, kila kitu kiko kwenye dashibodi moja, kila kitu kina akili mnemba, kila kitu kinaokoa muda. Chukua kalamu uyakate maneno hayo yote, kisha usome kilichobaki. Kwenye profoma ya kwanza litabaki swali moja: kazi ipi ianze saa ngapi, na baada ya kazi ipi? Kwenye ya pili litabaki jingine kabisa: tuna nini, kiko wapi, kwa nani, na kinaisha lini? Kwenye shughuli ya harusi yupo anayepanga jikoni nini kitangulie motoni, na yupo aliyeshika daftari la masufuria ya kukodi. Hakuna anayeuliza yupi kati yao ni bora. La kuuliza ni kwamba mmoja asipokuwepo, aibu itaanzia wapi. Hilo ndilo la kumpelekea meneja Ijumaa.

Lakini kwanza hakikisha profoma ya kwanza ni ya kitu unachokidhania. Wauzaji huweka kwenye kapu moja bidhaa tatu zisizohusiana: ya kupanga zamu za wafanyakazi, ya kupitisha nyaraka meza hadi meza zipate sahihi, na ya kuendesha kazi ndani ya seva usiku watu wakiwa wamelala. Mimi nazungumzia hiyo ya tatu. Kama yako ni ya zamu, irudishe leo leo. SACCOS haihitaji kompyuta kujua nani atakaa dirishani Jumamosi.

Sasa twende usiku. Dirisha likifungwa jioni, wanachama wanadhani SACCOS imelala, kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Miamala ya siku inafungwa. Faili la waliolipa kwa simu linashuka kutoka kampuni ya simu na kulinganishwa na leja. Riba na adhabu za mikopo zinakokotolewa. Salio jipya linatumwa kwa SMS. Bakapu inachukuliwa. Ripoti inatengenezwa ili meneja aikute asubuhi. Nakisia kwamba kwako kila moja ya kazi hizo imewekewa saa yake kwenye cron, au kwenye Task Scheduler ya Windows: hii saa 3 usiku, ile saa 4, ile saa 5.

Cron ni mzee wa kuheshimiwa. Imo kwenye Unix tangu miaka ya 1970, na toleo ambalo wengi wetu tunalitumia lina mizizi yake kwenye lile aliloliandika Paul Vixie mwaka 1987. Lakini inajua saa tu. Haijui kama kazi iliyotangulia imeisha, imekwama, au haikuanza kabisa. Faili la kampuni ya simu likichelewa dakika 40, kazi ya kulinganisha itaanza vilevile kwa wakati wake, itakuta folda tupu, itamaliza bila kulalamika. Saa inayofuata adhabu zitakokotolewa juu ya leja isiyokamilika. Mama aliyelipa rejesho lake jana mchana atapokea SMS alfajiri kwamba amechelewa. Saa 2 asubuhi yuko dirishani, simu mkononi, sauti juu, na ana haki.

Programu ya kuratibu kazi imetengenezwa kwa ajili ya mama huyo. Ndani yake huandiki saa peke yake, unaandika masharti. Kulinganisha kusianze mpaka faili liwe limeingia. Adhabu zisikokotolewe mpaka kulinganisha kuishe salama. Kazi ikishindwa, ijaribiwe tena baada ya dakika 10. Ikishindwa mara ya tatu, zote zinazofuata zisimame na mtu aamshwe. Asubuhi unafungua ukurasa mmoja na kuona kipi kilianza, kipi kilichelewa na kipi kiligoma. Hiyo ndiyo thamani yake. Mengine yaliyoandikwa kwenye kipeperushi ni mapambo.

Benki kubwa hutumia bidhaa kama Control-M ya BMC, au AutoSys ambayo leo iko chini ya Broadcom. Upande wa bure ipo Apache Airflow, iliyozaliwa mwaka 2014 ndani ya Airbnb kwa mikono ya Maxime Beauchemin, na mwaka 2019 ikawa mradi kamili wa Apache. Ni nzuri sana. Pia inataka ujue Python, inataka hifadhidata yake yenyewe, inataka michakato yake kadhaa iwe hai usiku na mchana, na mtu wa kuiangalia inapogoma. Kwa idara ya mtu mmoja yenye kazi nane za usiku, ukiileta umejiongezea kazi ya tisa, tena ndiyo ngumu kuliko zote.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia, kwa sababu kipeperushi chake kimeandikwa mbali na kwetu. La kwanza ni umeme. Kwa cron ya kawaida, seva ikiwa imezimika saa ya kazi, kazi hiyo imepita. Umeme ukirudi haitaikumbuka. Anacron iliandikwa kwa ajili ya mashine zisizowaka muda wote, na vipima muda vya systemd vina mpangilio unaoitwa Persistent, unaofanya kazi iliyokosa wakati wake iendeshwe mara mashine inapoamka. Task Scheduler nayo ina kisanduku cha kuweka tiki chenye maana hiyohiyo, na kwa kawaida huja bila tiki. Kiangalie leo kabla ya chakula cha mchana. Ila usikitie tiki kwenye kazi ya kutuma SMS. Umeme ukirudi saa 9 usiku, utaamsha wanachama wote kwa pamoja kuwatangazia salio.

La pili ni saa zenyewe. Seva nyingi za kukodi mtandaoni huja zikiwa kwenye saa za UTC, na Airflow nayo usipoigusa husoma UTC. Sisi tuko saa 3 mbele. Ukiandika 02:00 ukidhani ni saa 8 usiku, kazi itaanza saa 11 alfajiri, na mhasibu anayewahi kazini atakuta mfumo unajikokota kwa sababu bakapu bado inaendelea. Kwa kila kazi andika saa ya seva na saa ya hapa nyumbani, bega kwa bega. Heri yetu hatupeleki saa mbele na kuzirudisha nyuma kila mwaka kama Ulaya. Ukiipata hesabu mara moja, imekaa.

Usidhani wakubwa wameshavuka hapo. Juni 2012 kundi la benki la RBS la Uingereza, lenye NatWest na Ulster Bank ndani yake, liliweka toleo jipya la programu yake ya kuratibu kazi za usiku. Toleo likaleta shida, wakaamua kuliondoa, na hapo ndipo mambo yakavurugika hasa. Wateja zaidi ya milioni 6.5 wa Uingereza waliguswa. Kampuni zilishindwa kulipa mishahara, salio halikusomeka sawasawa, wengine walikwama safarini bila fedha, na wateja wa Ulster Bank waliteseka kwa wiki kadhaa. Novemba 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya paundi milioni 56. Na programu yenyewe haikuwa ya bei chee. Kwa hiyo muuzaji akikuambia ukishanunua utalala, mwulize jinsi ya kurudi kwenye toleo la zamani iwapo jipya litagoma, na umwombe akuonyeshe akifanya hivyo.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha GitLab, cha tarehe 31 Januari 2017, kwa sababu walikisimulia wenyewe hadharani bila kuremba. Mhandisi wao, akihangaika na tatizo usiku, alifuta data kwenye seva ambayo siyo. Wakakimbilia bakapu. Kazi ya bakapu ilikuwa imepangiwa cron, na cron iliianzisha kila ilipofika saa yake. Nayo ilikuwa ikishindwa, kwa sababu ilitumia zana ya PostgreSQL toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya 9.6. Barua pepe za kutangaza kushindwa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu ya mipangilio ya DMARC, hivyo hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono yapata saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Ratiba pale haikukosea. Kazi ilianza kwa wakati wake kila mara. Kilichokosekana ni mtu wa kujua mashine ipi inaendesha toleo gani la programu gani, na jibu la hilo halimo kwenye profoma yako ya kwanza. Limo kwenye ya pili.

Rejesta ya vifaa wengi wanaidhania ni kazi ya stoo, ya kubandika stika na kuhesabu viti mkaguzi anapokaribia. Mhasibu wenu anayo rejesta ya mali za kudumu, nina hakika, kwa kuwa COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija wataiomba. Ile inajua kwamba mwaka fulani mlinunua kompyuta 6 na kwamba thamani yake inashuka kila mwaka. Haijui kwamba moja ya hizo iko nyumbani kwa ofisa mikopo, ya pili imebadilishwa diski na fundi wa mjini, na ya tatu ndiyo inayobeba bakapu zenu zote, chini ya meza ya katibu muhtasi, karibu na birika la chai.

Jukwaa la kusimamia vifaa linapaswa kuyajua hayo, na zaidi ya hayo liyajue yasiyoshikika: leseni za programu, waranti, jina la tovuti linalolipiwa kila mwaka, cheti cha usalama cha tovuti hiyo, laini za simu zilizo ndani ya modemu, mkataba wa matengenezo. Majukwaa haya yako ya namna mbili. Yapo yanayotembea yenyewe mtandaoni na kuhesabu yanachokikuta, ama kwa kuweka programu ndogo kwenye kila kompyuta, ama kwa kupiga hodi kwenye kila anwani ya mtandao wa ofisi. Na yapo yanayosubiri uyaambie. GLPI, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2003, ni ya bure, ina wakala wake wa kuhesabu kompyuta, na juu yake ina sehemu ya kupokea malalamiko ya watumiaji, ambayo itakupunguzia watu wanaokushika mkono kwenye korido. Snipe-IT, iliyoanzishwa na mhandisi Alison Gianotto (ndiyo, mwanamke, na napenda kulisema kwenye kona hii), nayo ni programu huria. Haitembei mtandaoni, unaijaza mwenyewe au kwa faili la CSV. Lakini kwa kazi ya kumkabidhi mtu laptopu na kumsainisha, sijaona nyepesi kama hiyo. Za kulipia zipo Lansweeper ya Ubelgiji, ManageEngine ya kampuni ya Zoho ya India, na ServiceNow, ambayo bei yake SACCOS isijisumbue kuiuliza.

Utajuaje kama unalihitaji? Jipe mtihani huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisini kwenu, matawi yote yakiwemo, ni kompyuta ngapi bado zina Windows 10? Na kati ya hizo, ngapi zina TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaitaka? Ukiweza kujibu bila kunyanyuka kwenye kiti, achana na profoma ya pili mwaka huu. Ukihitaji siku mbili za bodaboda kuzunguka matawi, tayari una jibu.

Gharama ya kutojua ilionekana Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, yaani jamaa wa mbali wa SACCOS yako. Machi 2017 dunia nzima ilitangaziwa udhaifu kwenye programu iitwayo Apache Struts, pamoja na dawa yake. Ndani ya Equifax barua pepe ilizunguka ikiagiza dawa iwekwe. Lakini hawakuwa na orodha kamili ya wapi Struts inatumika, na mfumo mmoja ukabaki wazi. Wezi wakaingia Mei, wakakaa hadi mwisho wa Julai, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Kilichowachelewesha kuwaona ni kwamba kifaa cha kuchunguza mawasiliano kilikuwa hakifanyi kazi yake kwa miezi mingi, kwa kuwa cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda na hakuna aliyekihuisha. Kilipowekwa kipya tu, wizi ukaonekana. Ripoti ya Baraza la Seneti la Marekani ya mwaka 2019 ilitaja wazi ukosefu wa orodha kamili ya mali za TEHAMA. Wahandisi walikuwepo. Fedha zilikuwepo. Orodha haikuwepo.

Kwetu sheria nazo zimeanza kuuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na kule mdhibiti wa data ana saa 72 tangu ajue taarifa za watu zimevuja ili kumwarifu Kamishna wa Data, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya wahusika kudhurika. Laptopu ya ofisa mikopo ikiibwa kwenye daladala, utaulizwa ilikuwa na nini ndani, taarifa za wanachama wangapi, na diski ilifungwa kwa nywila au la. Ukianza kuchunguza hayo baada ya wizi, hutayajua yote.

Halafu wapo wanaoacha kazi. Mtu anarudisha laptopu, mnamwandalia soda na keki, mnapiga picha. Akaunti yake ya barua pepe inabaki hai, leseni yake inaendelea kulipiwa, na nywila ya rauta ya tawi anaondoka nayo kichwani. Ofisi moja nilimowahi kufanya kazi ililipia leseni ya mtu aliyekwisha hama muda mrefu, mpaka mgeni wa idara ya uhasibu alipouliza huyu anakaa meza ipi.

Lakini rejesta nayo ina ugonjwa wake: inaoza kimyakimya. Siku ya kwanza ni sahihi kwa kila kifaa. Wiki ya tatu tawi la pili limeazima printa. Mwezi wa pili mwenyekiti amepewa laptopu mpya na ile ya zamani amempa mjukuu. Kazi ya usiku inayomgusa mwanachama ikiharibika, dirishani kutakuwa na kelele na utaambiwa tu. Rejesta ikiharibika hakuna anayelalamika hadi siku ya wizi au ya ukaguzi. Ndiyo maana muuzaji akikuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuingiza kifaa, mpongeze, kisha umwulize anakionaje kifaa ambacho hakijaonekana mtandaoni kwa siku 30.

Jambo ambalo hakuna kipeperushi kitakachokiri ni kwamba vitu hivi viwili vinategemeana. Snipe-IT ndiyo itakayokutumia onyo kwamba leseni au waranti inakaribia kuisha, lakini onyo hilo haliji mpaka umeweka kazi kwenye cron ya kuiamsha. Ukilisahau hilo, utakuwa na rejesta nzuri iliyonyamaza. Na kazi za ratiba nazo zinaishi kwenye seva zenye majina na anwani. Siku utakapobadilisha seva iliyokufa, kila kazi iliyokuwa ikielekezwa kule itakwama, na bila rejesta hutajua ni zipi mpaka zikwame.

Basi Ijumaa useme nini? Mimi naanza na rejesta, na naanza bila kulipa. Sababu yangu ni hii: upungufu wa ratiba mtu mmoja mwerevu anaweza kuuziba kwa skripti, lakini kutojua ulicho nacho hakuna skripti ya kukuziba. Weka GLPI kama unataka kompyuta zihesabike zenyewe, au Snipe-IT kama shida yako kubwa ni nani kachukua nini. Kompyuta moja ya kawaida yenye Linux inatosha kuanzia, mradi nayo iwe kwenye rejesta na nayo ichukuliwe bakapu.

Huku nyuma ya pazia, tengeneza usiku wako kwa mkono. Andika skripti moja inayoita kazi zote kwa mfuatano, kila moja ingoje iliyotangulia, na ikishindwa moja zote zisimame palepale. Cron iite skripti hiyo tu. Mwanzoni kabisa iangalie kama faili la kampuni ya simu limefika. Kama bado, isubiri. Mwishoni ipige hodi kwa Healthchecks, huduma ya programu huria inayofanya kinyume cha tulivyozoea: haingojei uipelekee kilio, inapiga kelele pale isiposikia hodi kwa wakati. Barua ya kushindwa inaweza kupotea njiani kama zile za GitLab. Hodi isiyopigwa haina njia ya kupotelea. Na kila mwezi rudisha bakapu kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka, maana bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa ni faili kubwa tu linalojaza diski.

Nitabadili kauli yangu kwenye hali moja. Kama kazi zako za usiku zimefika ishirini na kitu, ziko kwenye seva zaidi ya moja, na miezi mitatu iliyopita wanachama wamepokea SMS za uongo zaidi ya mara moja, acha rejesta ingoje. Hapo unapoteza imani ya watu wanaoweka akiba kwenu, na akiba huondoka haraka kuliko laptopu. Nunua ya kuratibu kazi. Lakini iendeshe sambamba na ya zamani hadi ifunge mwezi mzima, tena mwezi wenye gawio au mikopo ya ada za shule, ndipo uizime ya zamani.

Kuhusu bei, soma inahesabu nini. Za kuratibu mara nyingi huhesabu idadi ya kazi au seva. Za vifaa huhesabu vifaa au mafundi wanaoingia. Mwaka wa kwanza una vifaa 60, mwaka wa tatu una 110, na bei iko kwa dola. Uliza pia ukitaka kuondoka, orodha yako yote utaipata kwa faili gani. Uliza data inakaa nchi gani, kwa sababu jina la mfanyakazi na laptopu aliyokabidhiwa ni taarifa binafsi, na sheria yetu ina masharti ya kuzipeleka nje. Muuzaji asiyejua jibu la hili la mwisho si mtu mbaya, ila asisainiwe wiki hiyo.

Wengine mlioniandikia nawajibu kwa kifupi. Wa Kisumu uliyeuliza kama Excel inatosha kuwa rejesta: inatosha, kwa ofisi ya watu kumi na faili moja lenye mwenyewe mmoja. Siku utakapokuta mafaili mawili yenye jina lilelile na neno "mwisho" mwishoni, hama. Wa Tanga ambaye bosi wako anataka programu ya kuhesabu vifaa iwekwe hata kwenye simu binafsi za wafanyakazi: mwambie ama anunue simu za ofisi, au awaeleze watu kwa maandishi programu hiyo inasoma nini na wakubali kwa hiari. Usiwe wewe wa kuiweka kimyakimya. Siku ikijulikana, jina litakalotajwa ni lako.

Narudi kwako wa Morogoro. Ijumaa mwombe meneja asisaini profoma yoyote kwa siku 60, na badala yake asaini barua moja isiyo na bei: kwamba hakuna kifaa wala leseni ya TEHAMA itakayonunuliwa, kutolewa au kuhamishwa tawi bila kupitia kwako kwa maandishi, mwenyekiti akiwemo. Akigoma kuisaini, usikubali kununuliwa jukwaa lolote la vifaa, kwa sababu utapewa lawama bila mamlaka. Akiisaini, niandikie. Nitakutumia mfano wa fomu ya makabidhiano ya nusu ukurasa, uanze na ile kompyuta ya chini ya meza.